Kudai Fedha Alizokopeshwa Aliyekuwa Mpenzi

Fedha zilizokopeshwa wakati wa mapenzi hubaki deni hata mapenzi yakiisha. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, mradi yawe ya hiari na kwa jambo halali. Kazi iko kwenye kuthibitisha. Mzigo huo humwangukia anayedai, na wapenzi ni watu wa mwisho kuandikishana.

Kando ya Ziwa Tanganyika, fedha za namna hii mara nyingi huzama kwenye uvuvi. Mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga humpa mwenzake fedha za nyavu, mafuta au mashine ya boti, na ahadi ya malipo hufuata mwezi, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza na mbalamwezi ikiwaka kazi husimama. "Giza likiingia nitakupa chako" ni ahadi wanayoielewa wote wawili. Lakini giza la mwezi upi? Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Mvuvi aliyekuwa na deni wakati huo alikuwa na sababu ya kuchelewa kulipa, ila hakuwa na sababu ya kulikana.

Kule Ujiji, mji wenye Waislamu wengi, kuombwa maandishi kusingepaswa kumuudhi mtu. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Kurani, inaagiza deni la muda maalumu liandikwe na lishuhudiwe, na haikuwatoa wapendanao.

Pasipo karatasi, simu huwa shahidi. Ujumbe wa muamala huonyesha kiasi, tarehe na jina la mpokeaji. Hauonyeshi fedha zilikuwa za nini, na hapo ndipo mdaiwa hujibu kwamba alipewa zawadi. Kinachoziba pengo hilo ni maneno yake mwenyewe: "nivumilie, nitakurudishia" yaliyoandikwa wiki moja baada ya muamala yana uzito kuliko mashahidi watatu waliosikia habari mtaani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, kwa hiyo kufuta mazungumzo kwa hasira ni kujinyima haki.

Zawadi halisi hairudishwi, isipokuwa ile iliyotolewa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa. Hiyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu idaiwe ndoa isipofungwa. Sheria hiyohiyo inaweza kuwadhania wanandoa watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana hivyo, na hapo mdai anaweza kujikuta kwenye shauri la mgawanyo wa mali badala ya deni.

Wengi hukimbilia polisi. Kushindwa kulipa deni si jinai. Polisi huhusika pale fedha zilipopatikana kwa udanganyifu tangu mwanzo. Njia nyoofu ni barua ya madai yenye kiasi na siku ya mwisho, au kikao cha wazee wa pande mbili, kisha makubaliano ya kulipa kidogokidogo yaandikwe na kusainiwa. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo husikiliza, kwa Kiswahili, madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Inaweza kuamuru malipo kwa awamu, na asiyeridhika hukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Anayesubiri kwa matumaini ya kurudiana aangalie kalenda. Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka sita tangu haki ya kudai ilipoanza, kwa kawaida siku ya malipo iliyokubaliwa ilipopita. Baada ya hapo shauri hutupwa, hata kama ujumbe wote bado umo kwenye simu.