Ungengoja Miaka Saba kwa Muumini Mmoja?

Ukipita Bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi saa za chakula cha mchana, utawakuta wahubiri wakitokwa na jasho. Huenda ukajiuliza, je, moto huo utawaka hadi lini?

Hebu msomaji mfikirie Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetua Mombasa mwaka wa 1844. Miezi michache tu baadaye, homa ilimuua mkewe, Rosine, pamoja na binti yao mchanga. Wengi wetu tungefunga virago. Krapf hakuondoka. Aliendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Naam, kadhi, Mwislamu!

Mwaka wa 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Usidhani watu walifurika. Wa kwanza kubatizwa alikuwa mlemavu aitwaye Mringe, naye alibatizwa mwaka wa 1851 akiwa mahututi. Hesabu mwenyewe miaka hiyo.

Mimi humstaajabia zaidi Rebmann. Krapf alirudi kwao mwaka wa 1853, lakini mwenzake alikaa hadi 1875, karibu miaka 29, akaondoka macho yakiwa yamepofuka. Waumini wake walikuwa wachache mno. Hata hivyo, alikuwa amekaa na wenyeji akiwasikiliza na kuandika maneno yao, moja baada ya jingine, ili atunge kamusi.

Ukiwapeleka watoto Pwani wakati wa likizo, pitia Rabai. Nyumba za wawili hao zingali zimesimama.