Kutoka Majadiliano hadi Mapatano

Sokoni Sirari, wilayani Tarime, mpakani mwa Tanzania na Kenya, muuzaji na mnunuzi hupatana bei. Kitenzi hiki ni kauli ya kutendana ya pata: kila upande upate.

Yafaa mfasiri wa hati za kazi alizingatie jambo hilo. Majadiliano ni mazungumzo yenyewe. Mapatano ni shabaha yake. Mkataba wa hali bora ni hati inayoyathibitisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri na chama cha wafanyakazi kilichotambuliwa wajadiliane kwa nia njema, na mkataba wao huwafunga ukisha kuandikwa na kutiwa saini. Aandikaye madai mahali pa majadiliano humfanya mfanyakazi mdai na mwajiri mdaiwa. Nafasi ya kupeana, kwa mfano nyongeza ya mshahara kwa mpango bora wa zamu, hutoweka.

Kosa jingine lina hasara kubwa zaidi. Mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, msuluhishi huwasaidia wenye mgogoro wapatane wenyewe. Mwamuzi huwasikiliza, kisha hutoa tuzo inayowafunga. Istilahi hizo zikichanganywa, mfanyakazi aweza kuingia katika uamuzi akidhani anakwenda kusuluhishwa.

Hapana budi, basi, kila neno likae mahali pake. Muuzaji wa Sirari hahitaji kufundishwa: bei aliyolazimishwa mtu haiitwi mapatano.