Dalit: Asili na Maana ya Neno la Kimarathi

Aghalabu neno hubeba historia ya jamii inayolitumia. Neno dalit la Kimarathi, lugha ya jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, ni mfano mmojawapo. Leo hutumiwa kote India kuwarejelea watu ambao mfumo wa matabaka ya kuzaliwa uliwatenga kwa madai kwamba ni najisi na hawafai kuguswa.

Asili ya neno hili ni Kisanskriti. Mzizi dal una maana ya kupasua au kuvunja, na dalita ni kilichopasuliwa au kupondwa. Mzizi huohuo umezaa kitenzi cha Kimarathi dalne, yaani kusaga nafaka. Taswira iliyomo, basi, ni ya punje chini ya jiwe la kusagia.

Anayelitafsiri kwa Kiswahili hana budi kuteua kauli ya kitenzi kwa uangalifu. "Waliovunjika" ni kauli ya kutendeka, isiyomhusisha mtenda. "Waliovunjwa" ni kauli ya kutendwa, nayo inadokeza kwamba yupo aliyevunja. Maana hii ya pili ndiyo iliyokusudiwa na wanaharakati waliolieneza neno hili.

Katika miaka ya 1930, Gandhi alieneza jina harijan, yaani "watu wa Mungu". B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika jamii ya Mahar iliyotengwa, alilipinga. Kwa hakika, jina hilo huwasifu walioonewa bila kugusia uonevu wenyewe.

Mnamo 1972, waandishi vijana, akiwemo mshairi Namdeo Dhasal, waliasisi chama cha Dalit Panthers jijini Mumbai. Ilani yao ya 1973 ilipanua maana ya dalit, ikawajumuisha wafanyakazi, wakulima maskini, wanawake na wote wanaonyonywa. Aidha, fasihi ya Kidalit ilishamiri: Dhasal alichapisha diwani ya Golpitha mwaka 1972, naye Daya Pawar akatoa tawasifu yake, Baluta, mwaka 1978.

Mgogoro wa jina haukuishia hapo. Mwaka 2018, Wizara ya Habari ya India ilivishauri vituo vya televisheni vya kibinafsi viepuke neno dalit na kutumia jina la kikatiba. Wanaharakati wengi walipinga ushauri huo. Jina la kikatiba huonyesha nafasi ya mtu katika orodha ya serikali. Dalit hueleza alilotendewa.