Wa pili si wa mwisho

Buletini za watoto ziko karibu kutoka. Mbele ya kumgombeza mtoto aliyekuwa wa pili, tusikilize habari ya wimbo mmoja.

Mwaka 1984, kikundi Wham! cha Uingereza kilitoa wimbo wa Noeli, « Last Christmas ». Ulinunuliwa sana, lakini kwenye orodha ya nyimbo kule kwao ulikomea nafasi ya pili. Ya kwanza ilichukuliwa na Band Aid, waimbaji waliokusanyika ili kusaidia watu wa Ethiopia waliokuwa wakifa na njaa. George Michael, mtungaji wa wimbo wa pili, aliimba pia katika ule wa kwanza! Na feza za wimbo wao, Wham! walizitoa kwa Ethiopia.

Kila Noeli watu waliurudia wimbo ule. Mwezi wa kwanza 2021, baada ya miaka 36, ukafika nafasi ya kwanza. Mwenyewe hakuuona ushindi huo: alifariki siku ya Noeli 2016.

Sisi walimu tunajua: mara nyingi wa kwanza na wa pili wanatenganishwa na alama moja tu. Mtoto tumpongeze leo, angali anatusikia.