Tunga Sentensi Kabla ya Kutazama Majibu

Mtahiniwa anafungua karatasi ya mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri, anakutana na jozi hii: CHANE : MKUNGU. Chini yake kuna majibu manne: (A) ndizi : ganda, (B) gurudumu : baiskeli, (C) mshororo : ubeti, (D) mkulima : mgomba. Anatakiwa achague jozi yenye uhusiano uleule. Wengi niliowafundisha hukimbilia A au D, kwa kuwa akili imeshaiona ndizi na sasa inatafuta ndizi nyingine.

Swali halikuulizi maneno haya yanatoka shamba gani. Linauliza la kwanza lina uhusiano gani na la pili.

Funika majibu kwa kiganja, utunge sentensi fupi: “Chane ni sehemu ya mkungu.” Sasa fungua. Ndizi si sehemu ya ganda. Ganda ndilo sehemu ya ndizi, kwa hiyo jozi hiyo imegeuzwa. Mkulima si sehemu ya mgomba. Lakini gurudumu ni sehemu ya baiskeli, na mshororo ni sehemu ya ubeti. Hapa huanguka hata walio hodari: wanachukua B kwa sababu imetangulia. Majibu mawili yakipita, ujue sentensi yako imelegea. Ikaze: “Mkungu ni chane juu ya chane.” Baiskeli si gurudumu juu ya gurudumu, ina fremu, mnyororo, pedeli. Ubeti ni mshororo juu ya mshororo. Jibu ni C.

Aliyesoma uwiano katika hesabu ataelewa upesi. Ukipewa 3 : 6, huenda ni “ongeza 3” au “zidisha kwa 2”. Kama 5 : 8 na 5 : 10 zote zimo kwenye majibu, hujui uchague ipi mpaka upate taarifa zaidi. Katika maneno, taarifa hiyo unaichimba mwenyewe ndani ya maana.

Ndiyo maana nasisitiza sentensi itungwe kwa lugha unayofikiria. Hata karatasi ikiwa ya Kiingereza, uhusiano hauna lugha. Anayejilazimisha kutunga kwa Kiingereza anachofundishwa darasani huishia kwenye “inahusiana na”, na sentensi hiyo haichuji chochote.

Kabla ya kununua kitabu cha mazoezi, angalia mwaka wake. Mtihani wa SAT wa Marekani uliondoa maswali haya mwaka 2005, na GRE ukafuata mwaka 2011, lakini vitabu vya zamani bado vinauzwa mitumba vikiwa na sura nzima za jozi za maneno. Kwa anayejiandaa kwa mitihani hiyo miwili, kuzikariri sura hizo ni kupoteza jioni zake. Kwa anayekwenda kwenye usaili ambao bado unauliza jozi, ni mazoezi mazuri. Ulikuwapo pia mtihani wa Miller, uliokuwa na jozi tupu: maswali 120 kwa dakika 60. Nusu dakika kwa swali! Kwa kasi hiyo, sentensi ndefu inakuangusha sawa na sentensi legevu.

Msamiati hauna njia ya mkato. Asiyejua kuwa shibli ni mtoto wa simba hatapata kitu cha kutungia sentensi. Ila usikariri orodha. Andika kila neno pamoja na jirani yake: mhunzi na chuma, sonara na dhahabu, mgema na tembo. Kisha tunga maswali yako mwenyewe, na uhangaike zaidi na majibu ya uongo kuliko la kweli. Anayejua kutega mtego huuona wa mwenzake.

Binti mmoja ninayemfundisha alileta hili: HATAMU : FARASI. Majibu: usukani : jahazi, tandiko : punda, ngozi : ngoma. Mwenzake alichagua tandiko, akalitetea kwa nguvu: zote ni zana, zote huvalishwa mnyama. Nikamwomba aseme sentensi yake kwa sauti. “Hatamu humwongoza farasi,” alianza, “tandiko humwongoza…” Akanyamaza, akachukua kalamu, akauzungushia duara usukani.