KULALA DUNGUNI KARIBU NA MIKUMI

Ndugu mkulima, mahindi yanapokomaa wilayani Kilosa, watu wengi huhamia shambani. Hulala dunguni usiku kucha. Wanazuia tembo wasile chakula cha mwaka mzima.

Mbuga ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Mbuga ina mpaka, lakini tembo haujui. Hufuata mahindi, mpunga na ndizi.

Usijenge dungu katika njia ya tembo. Njia hiyo huonekana: nyasi zimelala, matawi yamevunjika, kinyesi kipo. Tena usilale na mahindi uliyovuna. Tembo hunusa kutoka mbali, naye huvunja kibanda ili ayapate.

Tembo wakija, msiwafuate kwa mkuki wala mshale. Pigeni madebe mkiwa pamoja, na waachieni nafasi ya kuondoka. Mwenye mtoto ni hatari zaidi. Akitandaza masikio na kuinua kichwa, rudi nyuma taratibu. Usishindane naye mbio. Anaweza kukupita.

Huko Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, wakulima walitundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hukimbia. Asali nayo huvunwa. Kwa maoni yetu, hiyo inapita madebe.

Sasa moto. Moto wa dunguni hufukuza wanyama, lakini kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi ni kavu sana. Cheche moja huweza kuunguza shamba lile lile unalolinda, na wewe umelala. Kwanza fyeka na palilia mahali pa moto, ubaki udongo mtupu. Weka debe la maji karibu. Asubuhi mwagia maji, koroga majivu, kisha sogeza mkono juu yake. Ukisikia joto, mwagia tena. Warina asali nao wazime mienge yao kabla ya kuondoka porini.

Moto ukienea mlimani, usikimbie kupanda. Moto hupanda mlima upesi kuliko mtu. Kimbilia mahali palipokwisha kuungua au penye udongo mtupu.

Tembo wakiharibu shamba au kumwumiza mtu, mwambie mtendaji wa kijiji mara moja, ili afisa wanyamapori aje kuona. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi zilitungwa mwaka 2011. Fedha hizo hazilingani na hasara, lakini asiyetoa taarifa hapati hata hizo.