Volti Mia Nne kutoka Betri ya Volti Tisa

Mwanafunzi wa sekondari wa Kashai, mjini Bukoba, akitaka kuunda chombo cha kuhesabu mionzi, hupata sehemu kubwa ya vipuri kwa fundi wa redio. Neli ya Geiger-Müller yenyewe huagizwa. Kinachowashinda wengi ni umeme wa kuiendesha.

Neli hiyo, iliyobuniwa na Hans Geiger na Walther Müller huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1928, ni mrija uliozibwa, wenye gesi haba ndani na waya katikati. Mnururisho ukipenya hung'oa elektroni kutoka katika atomu za gesi. Elektroni hizo huvutwa na waya kwa nguvu kubwa hata zikang'oa nyingine nyingi, na poromoko hilo ndilo lisikikalo kama mlio mmoja. Neli ya SBM-20, iliyotengenezwa katika Urusi ya Kisovieti, huhitaji volti 400 hivi. Kati ya volti 350 na 475 hesabu yake hubadilika kidogo tu. Chini ya hapo milio hupotea. Juu ya hapo neli hulia bila sababu, na mwishowe huharibika.

Volti hizo hupatikana kwa koili. Mkondo wa betri huruhusiwa kupita katika koili, kisha transista huukata ghafla. Koili hukataa badiliko hilo: msukumo wa umeme hupanda mpaka mkondo upate njia ya dayodi na kuingia katika kapasita. Tuseme koili ni ya milihenri 10 na mkondo umefikia ampea 0.05, jambo linalochukua mikrosekunde 56 hivi kwa betri ya volti 9. Nishati iliyomo ni mikrojuli 12.5. Kitendo kikirudiwa mara 1,000 kwa sekunde, hupatikana miliwati 12.5, yaani mikroampea 31 kwenye volti 400. Ni kidogo mno, lakini neli inayohesabu mionzi ya kawaida ya mazingira haitumii hata mikroampea moja.

Transista ya redio kama BC547 haifai, kwa kuwa huvumilia volti 45 tu. Katika taa mbovu za kuokoa umeme mara nyingi mna transista ya aina ya 13003, inayostahimili volti 400 na zaidi. Taa hiyo ifunguliwe kwa uangalifu, kwani mrija wake wa kioo una zebaki. Kapasita iwe ya mikrofaradi 0.01 yenye kustahimili volti 1,000. Nishati yake kwenye volti 400 haifiki hata milijuli moja, nayo humshtua mtu tu. Wako wadhanio kwamba kapasita kubwa ni bora zaidi. Ile ya mikrofaradi 100 itokayo katika televisheni, ikijazwa volti hizo hizo, hubeba juli 8, na hiyo ni hatari kwa moyo. Wala umeme wa ukutani usitumiwe kamwe badala ya betri.

Sasa huja mtego wenyewe. Voltimita ya kawaida ya tarakimu ina ukinzani wa megaomu 10, hivyo kwenye volti 400 hunyonya mikroampea 40, kuliko uwezo wote wa chombo. Mwanafunzi huona volti 350, huongeza mkondo wa koili mpaka zionekane 400, kisha huondoa mita akiwa ameridhika. Papo hapo msukumo hupanda juu ya kiasi, na neli huanza kulia ovyo. Jiwe lolote litakalowekwa mbele yake, hata la barabarani, litadhaniwa lina urani.

Dawa ni mbili. Kwanza, dayodi nne za zena za volti 100 kila moja, zikiunganishwa mfululizo sambamba na kapasita, huuzuia msukumo usipite 400. Pili, mita iunganishwe kupitia ukinzani wa gigaomu moja, ambao huweza kufanywa kwa resista 100 za megaomu 10. Hapo mita husoma sehemu moja ya 101: volti 3.96 zikionekana, volti halisi ni 400.

Lakini Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, tena iko kando ya ziwa. Utando wa unyevu, jasho la vidole na mabaki ya dawa ya lehemu hufanya juu ya ubao njia ya umeme yenye ukinzani usiozidi sana gigaomu hiyo, pengine mdogo kuliko huo. Chombo kilichofanya kazi vema Julai hunyamaza Aprili. Ubao usafishwe kwa spiriti, ukaushwe, kisha upakwe vanishi.

Baada ya hapo milio ihesabiwe kwa dakika kumi bila jiwe, halafu dakika kumi pamoja na jiwe. Ikiwa ya kwanza ni 200, tofauti ya 14 huletwa na bahati tu. Jiwe likitoa 215 halijasema lolote, likitoa 280 lastahili kupimwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.